Soko la Bwana Shauri na Banda la Mama

Siku Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali ya wilaya, alipokuja kutuletea maendeleo, mimi nilikuwa nachoma vitumbua. Nalitaja hilo mapema kwa sababu baadaye nilisikia imeandikwa bomani kwamba kijiji chetu kilikuwa kimelala, hakina biashara, watu wake wanangoja kuamshwa. Kumbe mimi na mama tulikuwa macho tangu adhana ya alfajiri, unga wa mchele umetuganda mpaka viwikoni, na wateja wamejaa kwenye mabenchi wanagombea chai. Kama huko ni kulala, basi sijui wenzetu wa bomani walikuwa wanaamkaje.

Kwetu ni kijiji cha delta ya Rufiji, upande wa Mbwera. Jina lake nalihifadhi, maana wajukuu wa hao nitakaowasema wangali wanaishi huko, na baadhi yao wana hasira kunishinda mimi. Ilikuwa enzi za Mwingereza, baada ya ile vita kubwa ya pili. Baba yangu alikuwa jumbe, yeye ndiye aliyepokea amri za serikali na kuzishusha kwa watu. Mama alikuwa na banda la chai dikoni, pale mitumbwi inaposhukia, banda la nguzo za mikoko na paa la makuti. Ujumbe ulimpa baba heshima, lakini banda ndilo lililomlisha. Mimi pia lilinilisha, kwa sababu mwaka huo nilikuwa nimeachika, nimemaliza eda, nimerudi kwa wazazi na sanduku moja pamoja na ulimi wangu, ambao mume wangu alisema umemshinda.

Sasa hebu nikueleze maji, maana asiyejua maji hataelewa ujinga wetu ulikuwa wapi. Mito ya kwetu inafuata bahari. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua. Yanajaa alfajiri na yanajaa tena saa kumi jioni, yanapanda mpaka kwenye viwanja vya watu. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Hayo hujaa saa nne za asubuhi, yanajivuta kidogo tu, halafu yanarudi, na kwingine kote linabaki tope la kukumeza mpaka mapajani. Dikoni peke yake ndipo palipokuwa na kina siku zote za mwezi, ndiyo maana watu wa kale walipachagua, na ndiyo maana mama alijenga hapo. Samaki wakija saa tisa, soko ni saa tisa. Wakija saa moja, soko ni saa moja. Hakuna aliyefundishwa hilo, tulizaliwa tumelikuta.

Bwana Shauri alikuja siku ya kumi na tano ya mwezi mwandamo, saa kumi jioni. Yaani katika siku zote za Mungu, alichagua saa ambayo hata choo cha msikiti kina maji. Akashuka na motaboti yake, na ramani, na kofia ile ngumu, akapita bandani kwetu bila kutazama kando, akaenda mpaka kwenye uwanja ulio nyuma ya duka la Muhindi. Maji yalikuwa yamefika ukingoni pale, yanameta. Akasimama akaupenda uwanja ule papo hapo, uso wote umemng'aa. Akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni kwamba dikoni ni pachafu, pana moshi na nzi, biashara pale haina mpango. Soko la kisasa litajengwa hapa, mitumbwi itashusha samaki mlangoni, na mji mpya utaota kulizunguka soko.

Halafu akamgeukia baba, nasi wanawake tuko nyuma na mabirika yetu tunasikia. Akamuuliza kama maji hufika pale.

"Yanafika, bwana," baba akajibu.

Akawauliza wazee wengine watatu, mmoja mmoja, maana alikuwa mtu mwangalifu. Wote wakasema yanafika. Na hakuna aliyesema uongo, wallahi. Walikuwa wamesimama hapo viatu vimelowa. Lakini kwetu mgeni haambiwi hapana, hasa mgeni aliyekuja na furaha yake kutoka mbali, kwa hiyo hakuna aliyeongeza neno la pili, kwamba yanafika siku chache katika mwezi, na kwa saa kama ile tu aliyokuja yeye.

Usiku ule wakati wa kula mama alimuuliza baba ilikuwaje. Baba akasema ameulizwa kama yanafika, kwani hayafiki? Mama akacheka mpaka akapaliwa na wali. Tulidhani lile jambo litakwisha hivyo, kama yalivyokwisha mengi ya bomani. Waliwahi kuja kutufundisha kufuga nyuki, na nyuki wenyewe ndio waliowafukuza.

Lakini safari hii saruji ilikuja. Ikaja na mabati, na fundi, na kamba na vigingi vya kupimia. Mtaa ukanyooshwa. Mtaa wetu ulikuwa umejipindapinda kufuata kivuli na miguu ya watu, sasa ukapigwa kamba moja kutoka dukani mpaka sokoni, na nyumba iliyozidi mstari ikakatwa. Bibi mmoja alikatwa baraza lake lote, akabaki na mlango unaofunguka hewani, kila akitoka anaruka kama mbuzi. Ikatoka amri kila nyumba ipakwe chokaa ukuta wa mbele. Wa mbele tu, maana Bwana Shauri atapita mbele. Basi ukiingia mtaani kwa mbele unaona mji mweupe kama kanzu ya Idi, ukizunguka nyuma unakuta udongo ule ule na mashimo ya panya. Tukaambiwa tupande maua kwenye makopo. Tulipanda bamia, nazo zina maua mazuri, na Bwana Shauri alizisifu.

Soko lenyewe, nisiseme uongo, lilikuwa zuri. Sakafu ya saruji laini, paa la bati, meza za saruji zimejipanga safu kwa safu kama makaburi. Akaletwa karani wa soko kutoka mjini, kijana wa kaptura iliyopigwa pasi mpaka inakata, na saa ya mkononi. Saa hiyo aliitazama kama sisi tunavyoutazama mto. Akabandika sheria mlangoni, akatusomea. Soko litafunguliwa saa mbili asubuhi, litafungwa saa sita mchana. Ni marufuku kuuza samaki mahali pengine popote penye nchi kavu. Ni marufuku kuwasha moto sokoni. Na vibanda vyote vilivyoko dikoni vivunjwe kabla ya siku ya ufunguzi.

Vibanda vyote! Dikoni palikuwa na banda moja tu.

Hebu fikiri na wewe. Soko liko wazi saa mbili mpaka saa sita. Maji yanayolifikia soko ni ya bamvua, na hayo yanakuja alfajiri na saa kumi jioni, wakati karani amefunga mlango amekwenda zake. Maji yanayokuja wakati soko liko wazi ni yale mafu, na hayo hayafiki. Ukikaa kitako ukataka kwa makusudi kujenga soko ambalo samaki hataingia hata kwa bahati mbaya, ingekubidi utumie akili nyingi sana, na bado usingefanikiwa kama alivyofanikiwa Bwana Shauri. Kijiji kizima kililijua hilo. Kilinyamaza kwa adabu, kikaendelea kupaka chokaa.

Mama hakunyamaza. Alimwambia baba neno moja tu linatosha. Nenda bomani, mwambie Bwana mahali siyo, ajenge mabanda ya bati dikoni kama anataka bati, kila mtu ataridhika. Baba akaahidi. Kila siku alisema kesho, na siku alipokwenda kweli alikaa huko siku tatu, nasi roho juu. Aliporudi alikuwa na koti jipya jeusi lenye vifungo vya shaba. Amepewa alivae siku ya ufunguzi, kwa kuwa yeye ndiye atakayetoa hotuba ya shukrani. Mama akauliza, na lile neno? Baba akasema nafasi haikupatikana, Bwana alikuwa na shughuli nyingi, alikuwa anamwonyesha picha ya soko. Mama hakumgombeza. Alivaa kanga yenye maandishi ambayo sitayarudia hapa, akaivaa wiki nzima, akawa anampita baba mbele huku maandishi yamekaa barabara mgongoni.

Bomani walichagua siku ya ufunguzi kwa kalenda ya ukutani. Mama aliihesabu kwa vidole vyake, akakuta inaangukia mwezi nusu, maji mafu yenyewe. Akasema, haya, Mungu naye ana mzaha.

Basi siku ikafika, na motaboti ya Bwana Shauri ikaja na wageni na bendera. Na unajua ilishusha wapi? Dikoni. Sokoni isingefika. Mheshimiwa alikanyaga ngazi yetu ile ile ya magogo, akapita katikati ya banda letu, akatembea mwendo mzima hadi kwenye soko la kushushia samaki mlangoni, wala hakujiuliza kwa nini mashua yake mwenyewe imeshindwa kumfikisha. Alichojiuliza ni kingine. Alisimama bandani, akatazama meko, akamuuliza jumbe mbona kibanda hiki bado kipo.

"Kitaondoka leo, bwana," baba akasema, na mama amesimama hatua mbili kutoka hapo, ameshika kibuyu cha tui.

Mpaka dakika ile nilikuwa bado natumaini. Nilijiambia baba anangoja watu wote wakusanyike, atalisema kwenye hotuba, hata kwa kuzunguka. Wazee wetu ni hodari wa kuzunguka. Lakini hotuba ilikuwa ya shukrani mwanzo mpaka mwisho, kwa saruji, kwa bati, kwa mstari ulionyooka. Utepe ukakatwa. Wageni wakaingia sokoni, na meza zilikuwa tupu, nyeupe pe, hakuna hata dagaa.

Karani alikuwa ameliona hilo mapema, akakimbilia kwa Muhindi wetu mwenye duka. Muhindi alikuwa mtu wa busara na mwenye kupenda kusaidia serikali. Akatoa samaki wa kopo, akawapanga kwenye meza ya kwanza mnara kwa mnara, picha za samaki zimetazama mlangoni. Alipoulizwa na mmoja wa wageni, alisema kwa upole kwamba hao nao walitoka baharini. Hivyo ndivyo soko la samaki la delta ya Rufiji lilivyofunguliwa, kwa samaki waliosafiri kutoka Ulaya, wakati wa kwetu wako hai ndani ya mitumbwi, mbele ya macho yetu. Mitumbwi mitatu ilijaribu kuja, kwa heshima ya jumbe. Tuliiona mbali kule, imekaa kwenye tope, na wenyewe wamesimama ndani wamejishika viuno.

Bwana Shauri akauliza samaki wako wapi. Karani akajibu kwamba wavuvi wa huku ni wavivu, hawajazoea kufuata saa, lakini watazoea. Bwana akatikisa kichwa kwa huruma. Wazee wakatazama chini. Baba akatazama vifungo vyake.

Basi nami nikasema. Sikupanga, wala sikuhisi ujasiri wowote, nilihisi hasira tu. Nikatoka katikati ya wanawake nikasema:

"Bwana, si uvivu. Maji hayafiki hapa. Yanafika bamvua tu, na saa hizo soko limefungwa. Mwulize baba yangu."

Bwana Shauri hakukasirika, hilo nampa haki yake. Alinitazama, akatazama ile mitumbwi kwenye tope, na kwa mara ya kwanza nikaona shaka usoni mwake, shaka ya mtu mwenye akili. Akamgeukia baba, akamuuliza polepole kama binti huyu anasema kweli. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yake. Baba alibakiwa na kitu kimoja tu cha kufanya, kukubali, na banda la mama lingesimama.

"Usimsikilize, bwana," baba akasema. "Huyu ameachwa juzi juzi, kichwa chake bado hakijakaa sawa. Maji yanafika."

Watu wakacheka. Wageni wakacheka, karani akacheka, na mbaya zaidi wakacheka majirani, wale wale waliolowa viatu pamoja naye. Niliona haya. Kuachwa nilikuwa nimekuzoea, lakini sikujua kuwa baba alikuwa ameiweka talaka yangu mfukoni, akingoja siku ya kuitumia. Na shaka ile ikaondoka usoni mwa Bwana Shauri, nikaiona ikiondoka. Akamwambia baba kwamba sasa ameelewa, samaki hawaji sokoni kwa sababu dikoni bado kuna kibanda kinachowavuta, kwa hiyo kivunjwe leo kabla hajaondoka.

Saa sita karani akagonga kipande cha reli, soko likafungwa. Muda mfupi baadaye akafika mvuvi mmoja aliyevuka tope kwa miguu, ametapakaa matope mpaka kifuani, na chewa wawili mabegani. Karani akamwonyesha saa. Mvuvi akaitazama ile saa kwa makini, akaulizia inauzwaje.

Baba alikuja dikoni alasiri na matarishi wawili wenye mapanga, amevaa koti lake. Alikuta mama amekwisha fungua kamba zote. Nguzo zimelazwa pamoja, makuti yamekunjwa, sufuria zimefungwa kwenye jamvi. Hakuwaachia hata msumari.

"Usijichoshe, jumbe," mama akamwambia. "Kazi yako nimekufanyia."

Alikuwa hajawahi kumwita jumbe, tangu aolewe naye. Asubuhi yake tulipakia kwenye mashua ya watu wa boriti tukaenda Nyamisati kwa kaka yake mama, tukasimamisha nguzo zile zile pale wanapongojea vyombo vya Mafia. Tulipata wateja kuanzia siku ya kwanza.

Soko la Bwana Shauri halikufa, mtu asikudanganye. Wavuvi waliisoma sheria vizuri, wakaona inakataza nchi kavu, wakawa wanauza samaki katikati ya mto, mtumbwi kwa mtumbwi. Sakafu ya saruji ikawa mahali pazuri kuliko pote delta nzima pa kuanikia mpunga, na watu walitoka mpaka Mbuchi kuja kuomba nafasi. Karani aligonga reli yake saa mbili na saa sita kila siku bila kukosa. Na nasikia ripoti ya bomani ilisema soko linatumika kikamilifu, jambo ambalo ni kweli.

Baba alikuja Nyamisati baada ya mavuno mawili. Nilimwona anapanda kutoka kwenye mashua, amekonda, koti limekuwa kubwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa kwenye benchi kama wateja wengine. Alisema bomani wameanza kuuliza kwa nini mke wa jumbe anafanya biashara kwingine, haipendezi. Nilingoja aseme lingine. Alikunywa chai nusu kikombe, akakiweka, kisha akasema bila kunitazama kwamba siku ile nilisema kweli, na alijua ni kweli, alijua tangu Bwana alipouliza mara ya kwanza.

Nikamuuliza, kama alijua, alishindwa nini kusema.

"Ningemwambiaje, mwanangu? Alikuwa amefurahi sana."

"Na mimi je, baba?"

Akanitazama sasa, kwa mapenzi kabisa, hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko cha watu wote wale.

"Wewe ni wa nyumbani," akasema.

Mama alikuwa anachochea moto, amesikia yote. Akainuka, akapangusa mikono, akakiondoa kikombe cha baba, kile cha bati cha kila siku, akamletea cha kaure tulichowawekea watu wakubwa wanaopita. Akamtandikia kitambaa safi kwenye benchi. Akamuuliza hali yake, hali ya safari, hali ya shamba, kwa heshima ambayo sikuwahi kumsikia akimpa. Baba akauliza basi tutarudi lini.

"Tutakuja, inshallah," mama akamwambia. "Karibuni tu."

Hakuna mtu delta nzima aliyelitumia jibu hilo mara nyingi kuliko baba, akalitambua mara moja. Akashukuru kwa chai, akavaa kofia yake vizuri, akaenda kungoja mashua. Alikuja tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, mpaka alipofariki. Kila alipokuja tulimpa kiti kizuri na kikombe cha kaure, tukafurahi kumwona, tukamwambia tunakuja. Hatukumwambia hapana hata mara moja.